Pini si kitanda: programu za kutafutia kambi zinavyofanya kazi, na mahali zinapokupoteza

Swali liliingia kwenye grupu la familia yetu Jumatano usiku. Shemeji yangu wa Kimara alikuwa ameazima Land Cruiser yenye hema juu ya paa. Desemba imefika, watoto wamefunga shule, naye anataka kuwapeleka Mikumi mpaka Udzungwa bila kulipia hoteli hata siku moja. Akauliza: programu gani inaonyesha kambi za kulala na gari?

Majibu yakamiminika. Kaka mkubwa akasema Google inatosha, mengine ni mbwembwe. Binamu akaonya kwamba GPS itamaliza bando kabla hajafika Chalinze. Mtu akabandika picha ya programu ya Kimarekani, bei zote kwa dola, umeme na bomba mpaka ubavuni mwa gari. Mama mdogo, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kulala kwenye hema, akafunga mjadala: "Huko hifadhini kuna kambi maalumu, chukueni hiyo. Si mnaona jina lenyewe?"

Kila jibu lilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na kila jibu peke yake lingeweza kumlaza shemeji njiani na wanawe. Maswali haya nayasikia kila likizo inapokaribia, kwa hiyo ngoja nilifungue fundo hili polepole.

Tuanze na majina. Gari-nyumba ni gari ambalo kitanda, jiko na mara nyingine choo vimejengwa humo humo ndani. Hapa Dar utaliona mara mojamoja, lina namba za Ujerumani au Afrika Kusini, limejaa vumbi la nchi sita, limeegeshwa ufukweni Kigamboni. Karavani ni chumba cha magurudumu kisicho na injini, huvutwa. Sisi wengi tunachokodi au kuazima ni gari la kawaida linalovuta kwa magurudumu yote manne, lililofungwa hema juu ya paa: unafunua, unapanda ngazi, unalala. Na kambi ninayoizungumzia ni mahali palipotengwa ili mtu alipie kulala na hema lake au gari lake. Si lazima pawe na jengo. Kambi nyingine ni majani yaliyofyekwa, choo, bomba na mahali pa kuwashia moto, basi.

Kisha kuna pini, ile alama nyekundu kwenye ramani. Hiyo ndiyo inayoponza watu.

Boda wa Kariakoo hajui kama kitenge kimebaki

Tunaposema "programu ya safari" huwa tunachanganya kazi kadhaa zisizohusiana sana. Fikiria unakwenda Kariakoo kutafuta kitenge fulani. Kuna anayekwambia duka liko Mtaa wa Kongo. Kuna boda anayekufikisha. Kuna rafiki yako aliyenunua hapo mwaka jana, anakwambia muuzaji ni mkali lakini kitambaa hakichuji. Halafu kuna muuzaji mwenyewe, ambaye peke yake ndiye anayejua kama leo kitenge kipo na ni bei gani.

Programu nazo ziko hivyo. Ramani inakwambia kitu kiko wapi. Kikokotoa njia kinakufikisha. Maoni ya waliopita ni yule rafiki. Ukurasa wa kuweka nafasi, au simu ya mwenye kambi, ndio muuzaji. Google Maps ni boda hodari sana, na ina marafiki wengi wa aina hiyo. Lakini kuona kambi kwenye Google hakumaanishi kwamba kambi hiyo ina nafasi, wala kwamba bado ipo. Kosa la kaka mkubwa liko hapo: kamuuliza boda habari za stoo.

Programu ya iOverlander ni ya aina nyingine. Inajazwa na wasafiri wa magari wenyewe: mtu akilala mahali anaandika alilipa kiasi gani, maji yalikuwepo au hayakuwepo, lori kubwa linaweza kugeuza au la, na tarehe inaonekana. Humo utakuta kambi, gereji, mahali pa kuchota maji, hata sehemu za kuegesha tu usiku. Hapo tuna marafiki watupu, duka hakuna.

Je, ramani yenyewe imetoka wapi? Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinatumia OpenStreetMap, ramani ya bure iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayochorwa na watu wanaojitolea. Dar inaijua kuliko inavyodhani. Kuanzia mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwaingiza mitaani wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, kuchora nyumba, mitaro na vichochoro vya kata zinazopata mafuriko. Ndiyo sababu kichochoro cha uswahilini Dar kinaweza kuwa kimechorwa vizuri kuliko barabara ya kwenda kijiji kizima kule bara, ambayo labda ni mstari uliowekwa na mtu aliyetazama picha ya setilaiti akiwa sebuleni kwake Ulaya. Mstari huo hauelezi kama daraja limebebwa na maji.

Kwa hiyo ukifungua programu tatu na zote zikakubaliana, usikimbilie kusema umepata mashahidi watatu. Huenda ni shahidi mmoja kavaa mashati matatu.

Ukuta wenye maandishi mekundu

Hili nalisema kwa uchungu wa mtu aliyeshikwa. Miaka michache iliyopita tulikwenda Kigamboni kulala ufukweni, tukiongozwa na pini. Ilikuwa na nyota nne na nusu, picha za mikadi na minazi, mtoto wa Kizungu kwenye bembea. Tulifika jua linazama. Sauti ya simu ikatangaza tumefika. Mbele yetu palikuwa na ukuta wa matofali na maandishi ya rangi nyekundu: ENEO HILI HALIUZWI. Mlinzi akatoka na tochi, akacheka kwa huruma. "Kambi? Mzee alishauza kitambo. Nyie wa tatu mwezi huu."

Nyumbani nikaifungua tena ile pini na kuisoma kwa makini. Picha zote zilikuwa za zaidi ya miaka mitano. Maoni ya mwisho yaliyotaja kulala yalikuwa ya zamani hivyo hivyo. Yaliyofuata yalikuwa nyota tupu bila maneno. Wastani wa nyota haukushuka kwa sababu kambi iliyokufa haina wateja wa kulalamika.

Watu wengi wanaamini pini imewekwa na serikali au na Google yenyewe. Mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kupendekeza mahali paongezwe kwenye Google Maps, na mwenye biashara anaweza kuifunga asikumbuke kuiondoa. Siku hizi nikiona pini natafuta tarehe kwanza, nyota baadaye. Napanga maoni kuanzia mapya. Naitazama picha ya setilaiti: kuna paa, kuna njia ya gari, au ni kichaka? Halafu napiga simu. Namba isipopatikana siku mbili mfululizo, kwangu kambi hiyo haipo.

GPS haili bando

Sasa binamu. Simu yako inapojua iko wapi, inasikiliza setilaiti zilizo juu karibu kilomita 20,200, na zikisikika nne inaweza kupiga hesabu ya mahali ilipo. Inasikiliza tu. Redio ya mkulima haimlipi mtangazaji kwa kila taarifa ya habari, na simu nayo hailipi setilaiti. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayoshushwa kadiri unavyosogea, pamoja na taarifa za foleni.

Dawa yake ni kushusha ramani ukiwa bado nyumbani. Google inakuruhusu kuchagua eneo, tuseme Dar mpaka Ifakara, na kulihifadhi. OsmAnd na Organic Maps zinashusha nchi au mkoa mzima. Ukiwa nje ya mtandao utaelekezwa njia kama kawaida, ila hutaona foleni, na kama barabara imefungwa leo asubuhi hutaambiwa. Shusha pia maoni ya kambi, au yapige picha, maana ramani inaweza kuwepo na namba ya simu ya mwenyeji ikawa imebaki hewani.

Jambo jingine ni hizi namba mbili ambazo watu hutumiana wakisema "nakutumia lokesheni". Katikati ya Dar ni kama -6.80, 39.28. Namba ya kwanza inasema uko kaskazini au kusini mwa ikweta, na ile alama ya kutoa ndiyo kusini. Ukinakili ukaisahau, ramani itakupeleka milima ya kusini mwa Ethiopia. Ukizigeuza, ya pili ikawa ya kwanza, utaangukia Hispania, jirani na mpaka wa Ureno. Sehemu za desimali nazo zina uzito: tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni kama kilomita 11, ya tano ni kama mita moja. Aliyekutumia "-6.8, 39.3" kakutumia mji mzima.

Kilomita 300 si saa tano

Dar hadi Mikumi ni kama kilomita 300. Programu inakadiria muda kwa mwendo wa simu zilizoko barabarani, kwa hiyo foleni ya Mbezi Mwisho inaijua vizuri. Haijui kwamba una watoto watatu wanaotaka kwenda chooni kwa zamu, wala kwamba hema juu ya paa linakamata upepo na kunywa mafuta. Haijui kwamba utashika spidi 50 kila kijiji kuanzia Mlandizi kwa sababu unamheshimu trafiki wa chini ya mwembe.

Haijui pia kimo chako. Google Maps haina mahali pa kuandika urefu wa gari kwenda juu. Land Cruiser yenye hema inaweza kupita barabara yote salama salimini ikaja kuumia kwenye chuma cha kuzuia magari marefu getini, au kwenye nyaya zilizolegea. Pima, andika kwenye karatasi, bandika mbele ya dereva. Na gari-nyumba lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 linatakiwa kuingia mizani kama lori, kwa hiyo kwenye mizani ya Vigwaza halipiti hivi hivi likipunga mkono. Gari la shemeji halijafika huko, lakini aliyeagiza la Kizungu ajue.

Wanaoelekea kambi za ufukweni Kigamboni wana mtihani wao: kikokotoa njia hupenda kivuko cha Magogoni kwa sababu mstari wake ni mfupi. Ufupi wa mstari hauhesabu foleni ya kuingia pantoni siku ya Jumamosi. Kuna Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016. Linatozwa, ila unajua utafika saa ngapi.

Halafu saa yenyewe. Programu inaandika 19:05 na macho yetu ya Kiswahili yanasoma haraka haraka kama namba tu. Hiyo ni saa moja na dakika tano usiku. Jua letu huzama kati ya saa 12 na robo na saa moja kasoro mwaka mzima, hatuna zile jioni ndefu za Ulaya, na barabara ya Mikumi inakatiza katikati ya hifadhi kwa kilomita kama 50, tembo na twiga wakivuka wanapotaka. Mabango ya faini za kumgonga mnyama yapo, bei ya kila mmoja imeandikwa. Mimi hupanga kufika kambini saa kumi jioni. Programu ikiniambia nitafika saa 12, naahirisha au nalala Morogoro.

Zile za Kimarekani

Programu aliyobandika yule mtu ni nzuri, kwa Marekani. Huko gari-nyumba linahitaji kuchomekwa: umeme wa ampea 30 au 50, maji, na shimo la kumwaga maji taka. Kambi za aina hiyo ni biashara ya zamani. Kampuni ya KOA ilianza mwaka 1962 huko Billings, Montana. Kambi za serikali kuu yao zinakatiwa nafasi kwenye Recreation.gov, nyingine miezi sita kabla. Vichujio vya programu zao vyote vinauliza mambo hayo, kwa hiyo ukivitumia Tanzania utapata majibu sifuri na kudhani nchi haina kambi. Zipo tele, hazina tundu la ampea 50 tu.

Kinachopotosha zaidi ni kile kichujio cha "bure". Marekani kuna ardhi kubwa ya umma, chini ya idara yao ya ardhi, ambapo mtu huruhusiwa kulala bila kulipa, kwa kawaida mpaka siku 14. Vijana wetu wakiona hivyo wanadhani uwanda wowote usio na uzio ni halali. Huku, ukitoka mjini, kuna uwezekano mkubwa kwamba hapo uliposimama ni ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeiweka mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Uzio hakuna, mwenyewe yupo. Ukikwama, nenda kwa mwenyekiti au mtendaji kabla hujafunua hema. Mara nyingi utaonyeshwa uwanja wa shule au ubavu wa ofisi, na asubuhi utaletewa chai.

Waliolijua hili zamani ni madereva wa malori ya Tunduma. Wao ndio wenye magari-nyumba halisi ya Tanzania: kitanda nyuma ya kiti, jiko la gesi dogo, utingo anakaanga mayai kando ya tairi. Programu yao ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na unasasishwa kila baada ya dakika kumi.

Mama mdogo na kambi maalumu

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu limewaumiza wengi kwa pesa yao. Hifadhi zetu za taifa zina kambi za kawaida na kambi maalumu. Masikio yetu yanaposikia "maalumu" yanafikiria maji ya moto, mashuka meupe na mtu wa kukupokea begi. Umaalumu wake ni kwamba mmepewa ninyi peke yenu. Kundi lenu likishaweka nafasi, hakuna mwingine atakayekuja hapo. Na kwa kawaida hakuna kingine chochote: choo hakuna, bomba hakuna, banda la kupikia hakuna. Maji unabeba, kuni au gesi unabeba, taka unarudi nazo. Ni ghali kuliko ile ya kawaida. Anayetaka ukimya na fisi wa kumsalimia usiku ataipenda sana. Mwenye watoto watatu na hema la kuazima anahitaji kambi ya kawaida, yenye choo, bafu na majirani wa kumuazima kiberiti.

Bei nazo zina mtego wake kwenye programu. Mjerumani akiandika alichotozwa kwa dola, hicho ni kiwango cha mgeni. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake kwa shilingi, tena cha chini sana, ilimradi awe na kitambulisho. Viwango hutangazwa mara nyingi bila VAT ya asilimia 18, kwa hiyo ukisikia bei mbili tofauti huenda zote ni sahihi. Getini fedha taslimu hazipokelewi. Unalipa kwa kontroo namba, na ni vyema ukailipia mtandao ukiwepo. Ukilala ndani ya hifadhi, kibali huhesabiwa kwa saa 24 tangu uingie, jambo ambalo lina maana kwenye ratiba: ukiingia saa nane mchana, una mpaka kesho saa nane, yaani unapata matembezi ya jioni na ya alfajiri kwa malipo ya siku moja.

Shemeji aliamua alale nje ya geti usiku wa kwanza, kwenye kambi ya mtu binafsi Mikumi mjini, aingie hifadhini alfajiri, kisha ateremke Mang'ula kwa njia ya Kidatu kuona maporomoko ya Sanje, kule Udzungwa. Kambi tuliipata iOverlander, maoni ya mwisho yana wiki tatu. Njia tuliishusha kabla. Alhamisi akapiga simu mimi nikiwa pembeni, spika imewashwa. Kijana aliyepokea akauliza watu wangapi, wanafika saa ngapi, hema ni la juu au la chini. Alipoambiwa la juu akasema, "Basi msiegeshe chini ya mwembe. Ni msimu, yanaanguka usiku kucha juu ya bati, watoto hawatalala."

Ijumaa saa nne usiku picha ikaingia kwenye grupu: tochi, ngazi, na mtoto mdogo wa shemeji kashika embe mbili.